UZI MAALUMU: Picha za konsepti kwa mada. Mada ya sasa ni DENI, karibuni tufikiri kabla ya kubonyeza

Chumba_Giza (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Mada ya KIVULI tumeifunga. Picha zilizoletwa zilivutia, lakini nyingi zilifanana: mtu amesimama jioni, kivuli chake kimelala kirefu mchangani. Ndiyo sababu safari hii nafungua kwa maelezo marefu. Naomba mvumilie, kwa sababu jambo lenyewe nalipenda sana na nataka tulifanye vizuri.

Mpiga picha wa harusi anafika ukumbini anakuta kila kitu kipo: bibi harusi, keki, wakwe wamenuna. Sisi wa picha za konsepti, yaani picha inayoanzia kwenye wazo, tunapewa neno tupu. Kila kitakachoonekana ndani ya fremu umekiweka wewe, au umekiona ukakiacha kibaki. Ndoo iliyosahaulika kwenye kona nayo inasema kitu, hata kama hukuituma.

Haya, DENI. Likitajwa, kichwani kinakuja nini? Mtu kashika kichwa. Mifuko imevutwa nje. Mnyororo miguuni. Daftari la Mangi wa dukani. Yaandike yote hayo, kisha yaweke pembeni, maana yamemjia kila mtu anayesoma hapa. Endelea kuandika mpaka mkono ugome, halafu andika mengine matano. Huko chini kabisa ndiko kuliko na vitu ulivyoviona kwa macho yako, na hivyo hakuna mwingine atakayevileta.

Njia ninayoitumia mimi ni kuliuliza neno linamfanya mtu afanye nini. Deni lenyewe halipigiki picha, ila mwenye deni anapigika. Anazunguka njia ya nyuma. Anachelewa makusudi kurudi nyumbani. Anamtuma mtoto mlangoni akaseme baba hayupo. Anacheka kupita kiasi na mtu ambaye hampendi. Tayari hapo kuna picha nne, na hakuna noti wala sarafu hata moja.

Njia nyingine ni kuligeuza wazo liwe swali ambalo kamera inaweza kulijibu. Mjapani Hiroshi Sugimoto, katikati ya miaka ya 1970, alijiuliza: sinema nzima ukiipiga kwa fremu moja, itatoka nini? Akaingia ukumbini na kamera kubwa, sinema ilipoanza akafungua shata, yaani kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, ilipoisha akaifunga. Skrini ikatoka nyeupe tupu, inang'aa, na mwanga wa skrini hiyohiyo ukaonyesha viti na nakshi za kuta. Waigizaji wote, machozi yote, yamejilundika yakawa weupe. Swali lilikuwa fupi, na hakuna mtu angeweza kulijibu kwa maneno.

Masharti ni machache. Simu ruksa, kamera ruksa. Picha iwe mpya, ipigwe kwa ajili ya mada hii. Uliyempiga awe amekubali na ajue inakwenda wapi. Kichwa cha picha kisizidi maneno matano, na usituandikie aya ya kutueleza tunachotakiwa kuona.

Nawasilisha.

Fundi_Fremu

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa tunapishana. Haya ni maigizo. Mimi thamani ya picha naiona kwenye ukweli wake: kitu kilikuwepo, ukakiwahi. Ukishapanga watu na kuwaambia wageuke huku na huku, umetoka kwenye picha umeingia kwenye tamthilia. Deni lipo mtaani kila siku, kwa nini nilitengeneze?

Chumba_Giza

Kaka, hoja yako ni ya siku nyingi, na jibu lake ni la siku nyingi pia. Upigaji picha ulitangazwa kwa dunia mwaka 1839, huko Ufaransa, sifa na heshima za serikali zikaenda kwa Louis Daguerre, aliyepata picha kwenye bamba la shaba. Kulikuwa na mtu mwingine, Hippolyte Bayard, ambaye alikuwa amegundua njia yake ya kupata picha kwenye karatasi, akaishia kuonekana hakufanya la maana. Mwaka 1840 Bayard akajipiga picha kifua wazi, macho yamefumbwa, ameegemea kama maiti iliyoopolewa majini. Nyuma ya picha akaandika kwamba serikali iliyompa Daguerre mengi mno imesema haiwezi kumsaidia Bwana Bayard kwa lolote, na maskini huyo amejitosa majini.

Hakuwa amekufa. Aliishi mpaka 1887. Lakini niambie, unyonge wa mtu aliyenyimwa haki yake ungeupataje kwa kumwahi barabarani? Angeonekana mtu anatembea tu. Picha ya kupanga ilizaliwa pamoja na picha yenyewe, na ilizaliwa kwa sababu mtu alikuwa na jambo zito moyoni.

Mzee_wa_Negativu

Vijana, hamjambo. Nimesoma nikaona nichangie.

Nimefanya kazi studio enzi za filamu. Tulikuwa na pazia lililochorwa ndege na ghorofa, koti moja, tai mbili, maua ya plastiki, na simu ya mezani ambayo waya wake haukwenda popote. Mteja akiingia anachagua. Kuna aliyetaka ashike redio. Kuna kijana alitaka apigwe anasoma barua, na barua hakuwa nayo, tukampa karatasi ya hesabu. Ile picha aliituma kwao. Nikiifikiria leo naona alikuwa anawaambia kwao: naandikiwa, nina watu huku. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo inaitwa konsepti.

Kwa hiyo huyu bwana wa maigizo nimwambie kwa upole kwamba studio zetu zote za pwani na bara ziliishi kwa hilo. Capital Art Studio pale Unguja ipo tangu 1930.

Binti_wa_Likoni

Shikamoo mzee. Na sisi Mombasa tulikuwa na wale wapiga picha wa pale kivukoni Likoni, na vibanda vyao vimejaa mapazia yaliyochorwa meli na majumba. Mtu ametoka bara kutafuta kazi, kabla hata hajapata chumba cha kulala, tayari ana picha kasimama mbele ya meli.

Chumba_Giza

Marahaba ni ya mzee, mimi nasema ahsante kwa wote wawili. Mzee, hiyo karatasi ya hesabu ingetosha kuwa somo zima.

Naongezea mmoja anayefanana na hayo. Samuel Fosso alizaliwa Kameruni mwaka 1962, akalelewa Nigeria, vita vya Biafra vikamtoa. Akiwa na miaka 13 alikuwa na studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mchana anapiga wateja, jioni fremu zilizobaki kwenye filamu anazimalizia kwa kujipiga mwenyewe, amevaa suruali pana na miwani mikubwa, na picha nyingine anamtumia bibi yake. Mwaka 2008 akatoa mfululizo ambao ndani yake amejigeuza mashujaa wa ukombozi wa watu weusi: yeye ndiye Malcolm X, yeye ndiye Angela Davis, yeye ndiye Nkrumah. Mtu mmoja, uso mmoja. Kazi hiyo yote ilianzia kwenye fremu ambazo wengine wangezitupa.

Binti_wa_Likoni

Basi naweka yangu. Kichwa: «Jua Liko Huku».

[picha]

Nimempiga mama mdogo wangu, nikamwomba apite mbele ya duka na mwavuli. Ni hapa mtaani kwetu, saa kumi na moja jioni, jua limeshashuka.

Chumba_Giza

Wakuu, simameni kwenye hii kidogo, msipite haraka.

Jua linatoka kushoto. Linampiga usoni, unaona anakunja jicho la kushoto. Lakini mwavuli ameulaza kulia, upande wa duka. Kivuli cha kichwa chake mwenyewe kimeangukia ndani ya mwavuli, kwenye kitambaa. Ukiiangalia mara ya kwanza unaona mama anatembea. Mara ya pili unajiuliza, mbona mwavuli uko upande usio na jua? Ukishajiuliza hivyo, unaliona duka, unamwona mwenye duka, umeelewa. Picha imekufanya ufike mwenyewe.

Nina jambo moja. Mwenye duka ameinamia daftari lililofunguliwa, na kalamu iko mkononi. Hapo umeniambia kwa sauti kubwa kitu ambacho mwavuli ulishaninong'oneza. Ningependa awe anampimia mteja mwingine sukari, hana habari kabisa kwamba kuna mtu anapita. Deni linauma zaidi pale mdaiwa anapojificha kwa mtu ambaye hata hamtazami.

Binti_wa_Likoni

Hilo la kutomtazama nalichukua, limenigusa. Ila daftari silitoi lote. Bila daftari inaweza kuwa mama amegombana na mwenye duka, au ni mchumba wake wa zamani. Mtu ataelewa vipi kwamba ni deni?

Nuru_ya_Dirisha

Dada, liache juu ya kaunta, limefungwa, na kalamu imechomekwa katikati. Anayelijua duka atalijua. Mwenye duka apime sukari yake.

Chumba_Giza

Nuru kanishinda. Binti, fanya hivyo. Na usibadilishe saa: jua likiwa juu utapoteza kile kivuli ndani ya mwavuli, na picha yote inasimama hapo.

Nuru_ya_Dirisha

Yangu hii. Kichwa: «Inaita».

[picha]

Nimewaza mikopo ya kausha damu, ile ya mtandaoni. Simu imelazwa kifudifudi mezani, chumba giza, mwanga unavuja pembeni yake. Watu watatu wamekaa kuizunguka na kila mmoja anatazama kwingine.

Kwa watakaotaka kujaribu: simu niliyopigia niliiegemeza kwenye debe, nikaweka hali ya kuongoza kwa mkono, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200, shata sekunde 2, na kubonyeza nikatumia saa ya kuchelewesha ili isitikisike. Tatizo lilikuwa mwanga. Simu ikilala kabisa mezani haivujishi kitu cha kutosha kwenye kamera. Nikaweka vijiti vya kiberiti chini ya kingo zake, ikainuka kidogo sana kiasi kwamba huvioni, na mwanga ukamwagika mezani kama maziwa. Kwenye skrini niliweka picha nyeupe tupu, mwangaza hadi mwisho. Niliowapiga niliwaomba watulie, ila yule wa kulia alitikisa kichwa na uso wake umetoka na ukungu.

Chumba_Giza

Ukungu wa yule wa kulia uache. Ndiye mwenye simu, au sivyo? Wawili wametulia kwa sababu jambo haliwahusu. Asiyetulia ni mmoja. Hukuupanga, lakini umeuona na ukauleta, na huo nao ni uamuzi.

Ningekata upande wa juu. Kuna kona ya kalenda ukutani inayoshindana na simu.

Nikishataja kukata, kuna kazi moja ambayo kila anayeanza hapa ningetaka aifahamu. John Hilliard, Mwingereza, mwaka 1974 alichukua picha ya mwili uliofunikwa shuka ukiwa umelala kwenye mawe. Negativu ni ileile, lakini akaikata mara nne. Fremu moja imebakiza mawe, nayo inasema amepondwa. Nyingine imebakiza maji: amezama. Ya tatu imeonyesha daraja: ameanguka. Ya nne imeonyesha vitu vilivyoungua: ameungua. Maiti ni mmoja, vifo vinne. Kabla hujapiga picha mpya, ichukue uliyonayo uikate kwa njia nne, utashangaa ni ngapi zilikuwa zimejificha humo.

Mtaa_wa_Saba

Wakuu, mimi nimeletea methali. «Dawa ya Deni».

[picha]

Ni kile kibahasha cha dawa cha zahanati, kimeandikwa 1x3 kwa kalamu, ndani nimeweka noti zimekunjwa ndogo ndogo kama vidonge.

Chumba_Giza

Ndugu yangu, imepigwa kwa usafi, mwanga wa dirishani umeutumia vizuri, karatasi inaonekana mpaka makunyanzi. Nitakuwa mkweli kwako kwa sababu naona unajali. Nimeiona, nimetabasamu, nimemaliza. Methali umeitafsiri kuwa kitu, na baada ya hapo picha haina pa kunipeleka.

Methali na majina ya kanga ni hazina yetu kwa kazi hii, ila ukiyafuata neno kwa neno yanakufungia mlango. Mwanamke akinunua kanga yenye jina fulani na kuivaa siku fulani mbele ya mtu fulani, yeye hafafanui jina, anamlenga mtu. Picha nayo inahitaji mtu wa kumlenga.

Jaribu «Kukopa harusi, kulipa matanga». Usipige harusi wala matanga. Fikiria turubai. Turubai la kukodi ni lilelile, na viti vya plastiki ni vilevile, vina namba ileile ya mwenye mali imepakwa rangi mgongoni.

Mtaa_wa_Saba

Dah. Picha mbili pembeni kwa pembeni. Uwanja uleule, turubai lilelile, viti vilevile. Kwenye moja kuna maua ya kitambaa kwenye nguzo, kwenye nyingine watu wamekaa chini kwenye mikeka. Na mwanamume mmoja, suti ileile.

Chumba_Giza

Suti ileile, imepauka kidogo. Na kamera isimame mahali palepale kabisa, chora alama chini kwa chaki, ili jicho likihama kutoka moja kwenda nyingine lisikute kilichobadilika isipokuwa ulichotaka kibadilike. Kwa viti omba wenye kukodisha ukiwa na heshima zako, wengi wanakubali wakijua ni saa moja tu na hakuna kitakachovunjika.

Mgeni_wa_Lenzi

Samahanini, mimi mgeni. Sina pesa ya mavazi wala studio, naishi chumba kimoja. Pia kuna jamaa ananiambia nisihangaike, siku hizi unaandika sentensi tu kwenye programu inakutolea picha, hata mwavuli wa dada hapo juu ingeutoa. Naomba mawazo yenu.

Nuru_ya_Dirisha

Karibu sana. Chumba kimoja chenye dirisha moja kinatosha. Zima taa, funga mlango, mwanga utoke upande mmoja tu. Upande wa pili wa uso ukiwa mweusi mno, shikilia shuka jeupe lirudishe mwanga. Ukitaka mandhari meusi, ning'iniza blanketi jeusi mbali na dirisha. Gharama ni sifuri.

Chumba_Giza

Karibu, jisikie nyumbani. Kuhusu vifaa, mtazame Zanele Muholi wa Afrika Kusini. Kuna picha yake ya mwaka 2015 iliyopewa jina la mama yake, Bester, aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Muholi amejipiga mwenyewe, na nywele zake amezipamba vibanio vya kuanikia nguo, vimepangwa mpaka vinafanana na taji la malkia, na masikioni vipo vingine kama hereni. Midomo yake inang'aa nyeupe. Vibanio vile ni vya dukani, unavyo nyumbani sasa hivi. Havikuchaguliwa kwa sababu ni rahisi kupatikana. Vimechaguliwa kwa sababu ndivyo mikono ya mama ilivyoshika miaka yote. Kwa hiyo anza na kilichomo chumbani mwako, lakini kwa kila kitu uulize kimepita mikononi mwa nani.

Kuhusu programu za kutengeneza picha, sitamtukana anayezitumia. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen aliingiza picha iliyotengenezwa hivyo kwenye tuzo za Sony World Photography, ikashinda kipengele chake, naye akaikataa tuzo na kusema wazi kwamba hiyo si picha ya kamera na isishindane nazo. Nakubaliana naye. Programu ingekupa mwavuli mzuri kuliko wa Binti, sina shaka. Lakini Binti alimweleza mama mdogo wake wazo lake, na yule mama akakubali kupita pale mtaani kwake, mbele ya duka analonunua kila siku, majirani wanaangalia. Jicho lile lililokunjwa ni la mtu aliyekuwa juani kweli. Hicho ndicho ninachokipenda kwenye kazi hii, na humu tutapokea picha zilizopigwa tu.

Fundi_Fremu

Nimewafuatilia kimya. Msimamo wangu wa kupanga sijauacha wote, ila lile la mtoto mlangoni limenikaa kichwani, na kulingoja litokee mbele ya kamera siwezi, wala si haki kulivizia kwenye nyumba ya mtu. Nimepanga na mwanangu wa miaka saba na shemeji yangu. «Baba Hayupo».

[picha]

Nimepiga kutokea nje. Mtoto yuko mlangoni, ananitazama usoni.

Chumba_Giza

Kaka, hongera kwa kujaribu. Mambo mawili.

La kwanza ni mtoto. Uso wake wote uko wazi na kichwa cha picha kinamfanya mwongo. Picha hii itazunguka mtandaoni muda mrefu kuliko utoto wake. Najua ni mwanao na umeruhusu, lakini akifika sekondari wenzake wakaipata, yeye ndiye atakayejibu. Naomba uitoe kwa sasa.

La pili linatatua la kwanza. Umesimama upande wa mdai. Ingia ndani. Piga kutokea nyuma ya mtoto, umwone kisogo, mkono mmoja kwenye kitasa, mlango umefunguka kiasi cha kiganja na mwanga wa nje unaingia kama mstari. Mdai haonekani, ni kivuli tu sakafuni. Halafu huku kwetu, karibu na kamera, kuna pazia la chumbani, na chini yake vidole vya miguu ya mtu mzima. Mtazamaji anakuwa amejificha pamoja na baba.

Fundi_Fremu

Nimeiondoa, mkuu. Hilo la usoni sikulitazama kwa upande huo, ahsante. Swali: mlango ukifunguka mwanga wa nje ni mkali mno, ndani kunakuwa giza totoro, miguu haitaonekana.

Nuru_ya_Dirisha

Piga saa kumi na mbili jioni kasoro, nje mwanga umepungua. Ndani washa taa ya chumbani nyuma ya pazia, ya rangi ya njano, hafifu. Pazia litang'aa kidogo na miguu itakatika vizuri kwa weusi. Pima mwanga kwenye sakafu, usipime kwenye mlango. Mstari wa mlango ukichomeka kidogo hauna neno.

Mzee_wa_Negativu

Na huyo shemeji avue viatu. Mtu anayejificha kwake havai viatu.

Fundi_Fremu

Sawa mzee wangu. Jumamosi napiga, jioni yake naleta hapa.